Wageni wa Kompyuta ya Barthélemy

Katika mji mdogo wa Kitshanga kila mtu anajulikana kwa kitu fulani. Yupo anayejulikana kwa ng'ombe zake, yupo anayejulikana kwa kuimba solo hata asipoombwa. Barthélemy, mkulima wa maharagwe aliyetoka Walikale akiwa kijana, anajulikana kwa kompyuta. Hakuinunua, wala hajaielewa mpaka leo. Alipewa kwa sababu anajua kunyamaza.

Shirika fulani lilikuwa limekuja kuwafundisha kulima watu waliozaliwa shambani. Lilipomaliza kazi hiyo kubwa likagawa vitu vyake kabla ya kuondoka. Viti vilikwenda kwa wakubwa wa mtaa, meza zikaenda kwa jamaa za wakubwa, na mwishowe ikabaki kompyuta moja ya kukunja. Waliigombania mpaka wakachoka. Kila mmoja alikuwa tayari kuikosa, ilimradi jirani yake naye aikose. Ndipo macho yao yakamwangukia Barthélemy, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, mdomo umefungwa kama kawaida yake. Wakaona kwamba huyu hatamnyima mtu. Ikaamuliwa kwamba kompyuta ni ya mtaa mzima, ila italala kwa Barthélemy.

Hawakukosea. Kwa watu wa kwao, mgeni hafukuzwi. Anakaa mpaka aseme mwenyewe kwamba anaondoka. Akisema hivyo unamkatalia kidogo kwa adabu, halafu unamsindikiza mpaka njia kubwa. Ni desturi nzuri na wengi wanaifuata. Barthélemy aliifuata mpaka ikawa ugonjwa. Binamu yake mmoja alikuja kuomba pa kulala kwa sababu ya mvua. Leo ana migomba nyuma ya nyumba, na migomba imekwisha kuzaa.

Basi na kompyuta ikawa hivyohivyo. Pasta Twizeyimana alifungua ukurasa wa kuandikia mahubiri, akaandika kidogo, akasema atarudi. Papa Mbonigaba, mkuu wa kamati ya mtaa, aliichukua siku moja mpaka Goma, akairudisha ikiwa na kurasa nyingi za mtandao zilizo wazi, akaonya kwamba ni hati za mtaa na zisiguswe. Mama Nyiramana, jirani wa upande wa kisima, alikuja na clé, kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, ndani yake filamu ya sehemu nyingi, akawa anatazama kidogo kila baada ya kufua, kisha anaisimamisha na kwenda kuanika. Hakuna aliyefunga chake. Na Barthélemy angefungaje kitu cha mtu mzima mwenye heshima zake, tena mwenyewe hayupo? Alikuwa anafunika mashine polepole, kama mtu anayefunika sufuria, na kesho yake anaifunua. Tangu ifike kwake haikuwahi kuzimwa.

Halafu kulikuwa na walinzi. Mpwa mmoja alipita akaweka antivirusi. Shemeji akapita, akasema ile ya mpwa ni ya bure tu, akaweka yake. Fundi wa vyombo vya kwaya naye akasema hizo zote mbili zinalala, akaweka ya tatu. Zikawa zinaamka pamoja asubuhi, kila moja inamkagua mwenzake, inamshuku, inapiga kelele, kama barriere tatu za askari kwenye kipande kimoja cha barabara. Mwizi mwenyewe hajawahi kuonekana. Lakini chakula chao wote kilitoka kwenye chungu kilekile.

Watu husema kwamba ndani ya mashine kama hizi mna mawe ya machimbo ya Rubaya, yale yanayoshushwa mlimani migongoni mwa watu. Barthélemy aliposikia hivyo aliitazama kompyuta yake kwa heshima mpya. Aliona sasa kwa nini ilitembea kama mchukuzi wa gunia kwenye utelezi, inaweka mguu, inapumua, inafikiri kwanza kama mguu wa pili una haja.

Haya yote yangeendelea salama, maana Barthélemy hakuwa na haraka na jambo lolote. Lakini Falone akapata mchumba.

Falone ni binti yake wa kwanza. Mchumba, Tuyishime, alikuwa kijana wa wafugaji wa milima ya juu, mpole, na watu wake walikwisha kukubaliana na watu wa Falone juu ya kila kitu, jambo ambalo siku hizi ni muujiza. Likabaki moja. Katika ukoo wa Barthélemy, msichana hatoki kwa baba yake kabla shangazi yake hajamtaja jina mbele ya pande zote mbili na kumwambia aende. Baba anaweza kulia, mama anaweza kuimba, pasta anaweza kuomba mpaka sauti ikauke. Shangazi asiposema, msichana anabaki.

Shangazi wa Falone ni Valérie, dada mkubwa wa Barthélemy, anayekaa bado Walikale. Magoti yake yalikuwa yamechakaa na barabara ilikuwa imechakaa zaidi, pale ambapo haikuwa imefungwa. Wazee wa ukoo wakakaa, wakakohoa, wakaamua kwamba Valérie atasema mbele ya kamera huko aliko, mradi aonekane uso na asikike sauti. Mpiga video wa arusi wa huko akaja na kamera yake kubwa, ile anayoiogopa hata mwenyewe, akampiga video. Dereva wa pikipiki akaileta clé yenye video hiyo, ikiwa imefungwa ndani ya pakiti ya sabuni. Video ilikuwa nzito mno. Simu zote za mtaa ziliikataa, moja baada ya nyingine. Ikabaki mashine ya Barthélemy.

Akaijaribu mbele ya mke wake, Mama Falone, na Papa Mbonigaba. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Valérie akaonekana, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, kitambaa kipya kichwani. Akafungua kinywa. Akabaki hivyohivyo, kinywa wazi. Chini yake yakatokea maneno ya Kifaransa, na Mbonigaba akayasoma kwa sauti ya mkutano.

"Mémoire insuffisante. Iko imejaa, Barthélemy. Utupe vitu."

"Vitu gani, Papa?"

"Vitu vyenye havina maana."

Barthélemy akatafuta vitu visivyo na maana, na kwa tabia yake akaona kwamba ni vyake mwenyewe. Akafuta picha za arusi yake. Akafuta nyimbo alizozipenda, na picha ya shamba mwaka ule maharagwe yalipokubali. Alipomaliza hapakuwa na kitu chake hata kimoja ndani ya mashine, na Valérie alikuwa bado amefungua kinywa.

"Ungefuta na jina lako," mke wake akamwambia. "Pengine ingetembea."

Akaibeba mpaka sokoni kwa Élie, fundi wa simu anayekaa chini ya mwavuli wa kampuni ya bia. Élie akafungua orodha moja inayoonyesha nani anakula nini ndani ya mashine, akatazama, akapiga mluzi mdogo, kama mtu aliyekuta nyumba imejaa watu.

"Papa, hii mashine haigonjwe. Iko tu na batu mingi."

"Nilitupa vitu, kaka. Vitu mingi."

"Ulitupa vitu vya mu depo. Shida haiko mu depo, iko ku meza. Depo njo disque, kule unaweka vitu vilale. Mémoire njo meza. Kila kitu chenye umefungua kinakaa ku meza na kinakula, hata kama mwenyewe yuko kwake analala. Dada yako anafika, hana fasi ya kuweka hata sahani."

Barthélemy akawaza picha za arusi yake, zilizotolewa depo bila kosa lolote.

"Angalia. Hizi kurasa za mtandao njo zinakula kushinda zote. Hii filamu inakula. Hii ukurasa ya kuandika inakula kidogo, lakini inakula. Na hawa askari watatu. Watatu, Papa? Unalinda nini, banki?"

"Na dawa yake?"

"Funga zote. Bakisha askari moja. Zima, ingoje, washa. Njo hiyo tu. Unataka nifunge sasa?"

Barthélemy akaikunja mashine haraka na kuikumbatia. "Hapana, kaka. Nitauliza kwanza benyewe."

Akaenda kuwauliza wenyewe. Kwanza kwa Pasta Twizeyimana, aliyemsikiliza huku amefumba macho.

"Barthélemy, ile ni neno la Mungu. Unataka kufunga neno la Mungu?"

"Hapana, Papa Pasta."

Kisha kwa Mbonigaba. "Zile ni hati za quartier," Mbonigaba akasema. "Ukifunga, réseau ya internet ya hapa haitazirudisha. Historia itauliza nani alifunga."

Barthélemy, ambaye hakutaka kujulikana na historia, akaomba msamaha. Mama Nyiramana ndiye aliyemwonea huruma kidogo, lakini hata yeye alikuwa na sababu zake.

"Kaka, nimefika pale mama-mukwe anamuwekea bibi arusi sumu ku chai. Nikipoteza pale, nitajua aje kama alikunywa?"

"Njo vile, dada."

"Na kwa vile umekuja, chukua na hii clé. Iko na sehemu yenye kufuata."

Akarudi nyumbani na mgeni mmoja zaidi. Mama Falone alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Balikubali?"

"Bana sababu zao."

"Na Falone? Yeye hana sababu?" Akatupa kijiwe pembeni. "Unaogopa hawa batu kuliko unamupenda mutoto wako, Papa Falone."

Hilo lilimuingia, na kama yote yaliyowahi kumuingia, lilikaa humo kimya.

Siku ya sherehe ua ulijaa. Watu wa Tuyishime walishuka kutoka milimani kwa miguu na pikipiki, wamevaa vizuri, wakiongozwa na mjomba wa bwana arusi, Nsengimana, msemaji wao. Nsengimana anajua kusema. Akianza kusalimia, hata walioshiba wanapata njaa tena. Alisalimia, akasifu, akaomba, akapewa, akashukuru. Pande zote mbili zikapiga makofi. Ikafika zamu ya shangazi.

Kompyuta iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, imeunganishwa na bafle za kwaya, zile spika kubwa. Barthélemy akagusa pale alipoonyeshwa. Kiduara kikazunguka. Watu wakasogea. Valérie akatokea, kigoda, kitambaa, vyote vizuri. Akafungua kinywa.

Akabaki hivyo.

Mwanzoni watu walingoja kwa heshima. Halafu ushauri ukaanza kuja, kwa maana mahali penye mashine iliyokwama hapakosi mtaalamu. Mmoja alisema ina joto, ipepewe, na mama mmoja akaanza kuipepea kwa sahani ya plastiki. Mwingine alisema igeuzwe itazame upande wa Walikale. Ikageuzwa. Pasta Twizeyimana alinyoosha mkono juu yake na kuomba kwa muda wa kutosha, akiwa mmoja wa waliokuwa wameijaza. Valérie hakufunga kinywa wala hakusema.

Nsengimana akasimama na kurekebisha koti lake.

"Wazee wetu, sisi ni bageni, tunasema tu chenye tunaona. Tunaona shangazi amefungua kinywa, na neno limekataa kutoka. Kwetu, muntu mukubwa akiitwa mbele ya batu na akanyamaza, amekataa. Hatuwezi kubeba mutoto wa batu na shangazi yake ananyamaza. Turudi kwetu. Siku ingine tutaongea. Ao hatutaongea."

Akina mama wa upande wake wakaanza kukusanya vikapu. Juu ya milima wingu lilikuwa limekaa vibaya. Tuyishime alitazama viatu vyake vipya. Falone, chini ya kitenge alichofunikwa, hakulia. Alimtazama baba yake kama mtu anavyotazama mlango, akingoja ufunguke au ufungwe.

Barthélemy akasimama. Waliokuwa karibu naye walidhani anakwenda msalani, maana hakuwahi kusimama mbele ya watu kwa sababu nyingine. Akachukua mikrofoni, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa inafanya kazi, na pumzi yake ikasikika ua mzima.

"Dada yangu hakukataa," akasema. "Amekosa fasi ya kukaa. Mashine iko na bageni, na bageni ni bangu. Nitabasindikiza."

Akageukia kiti cha mbele.

"Papa Pasta Twizeyimana. Umekaa kwangu vizuri, tangu Pasaka. Asante kwa kutembelea. Sasa nakusindikiza."

Akaufungua ukurasa wa mahubiri ili auhifadhi kabla ya kuufunga. Bwana mmoja wa upande wa milimani, aliyekuwa karibu na meza na anayejivunia kusoma, akasoma kwa sauti kilichokuwamo: "Wapendwa katika Bwana, koma." Akangoja mengine. Hayakuwapo. Neno la Mungu, tangu Pasaka, lilikuwa limefikia hapo.

"Bado nilikuwa naomba juu yake," Pasta akasema.

Barthélemy akauhifadhi ukurasa huo na koma yake, akaufunga. "Papa Mbonigaba. Asante kwa kutembelea."

"Barthélemy, usiguse hati za quartier mbele ya bageni."

Lakini kidole kilikuwa kimekwisha kugusa. Hati za mtaa zikatokea moja baada ya nyingine: jeep nyekundu, jeep nyeusi, jeep nyeupe yenye taa juu ya paa, jeep iliyopigwa picha jangwani, msichana akiwa amesimama kando yake. Ua mzima ulizitazama kwa makini, maana ni kweli zilikuwa nzuri.

"Hizi njo hati?" akauliza mama mmoja wa milimani, kikapu mkononi.

"Ni utafiti," Mbonigaba akasema. "Wa usafiri."

"Kwa barabara gani, Papa?"

Barthélemy akazifunga zote, kwa upole, moja moja, mpaka ile ya jangwani. Kisha sauti ikatoka nyuma ya jiko.

"Kaka, tafazali, usifunge. Uniambie kwanza, alikunywa ao hakunywa?"

"Hakunywa, dada Nyiramana."

"Unajua aje?"

"Ile clé yenye ulinipa. Bibi arusi iko ku picha ya sehemu yenye kufuata."

Mama Nyiramana akachungulia kutoka nyuma ya jiko. "Sasa umeniharibia," akasema, na hata Nsengimana alicheka, kisha akakumbuka kwamba ameudhika.

"Bakisha askari moja," Élie akaita kutoka kwenye ukuta alikokuwa ameegemea na chupa yake.

Barthélemy akawashukuru walinzi wawili kwa kazi yao, akawaruhusu waende kupumzika. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaizima mashine. Kioo kikawa cheusi, na mama fulani akasema "yoo" kwa sauti ya msiba. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka juu ya bati. Hakuna aliyeondoka; walitaka kuona kama itafufuka. Akaiwasha. Ikaamka, ikapiga kale kamuziki kake ambako mtaa haukuwahi kukasikia, na watu wakapiga makofi kama kwamba wao ndio walioitengeneza.

Valérie akafungua kinywa, na safari hii sauti ikatoka, nene, ikapasua bafle za kwaya.

"Falone, mutoto wa ndugu yangu. Magoti yangu imekataa njia, na njia nayo imekataa magoti yangu. Lakini naona uso yako."

Akamtaja jina. Akataja mama zake waliotangulia, mmoja mmoja, mpaka waliozikwa msituni, na wazee wa ukoo wakaitikia kila jina. Falone alikuwa ameanza kulia, kwa adabu, bila kelele. Halafu Valérie akakuna goti.

"Nyumba yako iwe na moto na iwe na batu. Lakini usifanye kama baba yako. Nilifika kwake mwaka ile, nikalala ku kiti, sababu ku kitanda yangu kulikuwa muntu mwenye hata mama yako hamujui. Asubui ndugu yangu ananiuliza kama nililala muzuri. Nikasema ndiyo, sababu namupenda. Enda, Falone. Enda muzuri."

Nsengimana akasimama tena, akakunjua koti.

"Shangazi amesema," akatangaza. "Amesema hata kushinda chenye tuliomba."

Vikapu vikarudi chini. Mvua ikaja ya kweli, na katika mvua hiyo Barthélemy akamsindikiza binti yake mpaka njia kubwa, akimshika mkono, na alipofika hapo hakujua aufungue vipi mkono wake. Mama Falone ndiye aliyeufungua.

Siku chache baadaye Pasta Twizeyimana akaja, akiwa bado amenuna kidogo. Barthélemy akampa kiti, akaifunua kompyuta. Ukurasa wa mahubiri ukafunguka kabla Pasta hajamaliza kukaa.

"Upesi hivi?"

"Andika tu, Papa Pasta. Nakungoja hapa. Ukimaliza tutafunga pamoja."

Akakaa kando yake, mikono juu ya magoti, bila haraka. Pasta akatazama "Wapendwa katika Bwana" na weupe wote uliofuata. Akatafuta kiduara kinachozunguka, hakukiona. Akagusa herufi moja, nayo ikatokea papo hapo, bila huruma.

"Hii mashine," akasema huku akiifuta herufi ile, "zamani ilikuwa na uvumilivu."

Nyuma ya nyumba, Mama Falone alikuwa anachanja kuni karibu na migomba ya binamu.

"Papa Falone," akaita, "na huyu wa ndizi?"

Barthélemy akajifanya hajasikia. Mtu hawezi kusindikiza watu wote kwa wiki moja.